Kipanya Kikuukuu na Picha za Mzee

Wako watu wadhanio kwamba kipanya cha kompyuta kikishafika umri wa miaka ishirini na mitano hakifai kitu ila kutupwa. Mimi sikuwa na shauri lolote juu ya jambo hili hata likizo iliyopita, nilipoitwa na mzee mmoja jirani yetu wa Buyenzi nikaitazame kompyuta yake. Naandika habari hii kwa sababu wenzangu wa chama cha kompyuta wameniuliza mara nyingi ilikuwaje. Tena nadhani wapo wanafunzi wa zamani waliotumia vipanya vya namna hiyo ofisini mwao, nao hawatachukia kuvikumbuka.

Mzee huyo alikuwa akiuza vitenge katika soko kuu la Bujumbura. Soko lile liliteketea siku ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013. Wengi wetu tulikuwa wadogo mno au hatujazaliwa, lakini nani hapa mjini hajasimuliwa habari za moshi wa siku ile? Duka lake likaungua na kila kilichokuwamo, pamoja na sanduku la bati lenye albamu za picha za nyumbani kwake. Alikuwa ameziweka dukani kwa kuwa paa la nyumba lilivuja wakati wa masika. Zikabaki zile tu zilizopigwa kwa kamera ya dijitali na kuwekwa katika kompyuta ya nyumbani. Mkewe alifariki miaka michache baada ya moto, na ukiacha ile picha ndogo ya kitambulisho, hana sura yake mahali pengine popote isipokuwa humo.

Basi kompyuta hiyo ilikuwa mgonjwa. Ukiiwasha, Windows ilijitahidi kidogo, kisha ikaganda, na diski ikawa inagonga ndani kama saa ya ukutani. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia Mzee anunue diski nyingine na kuisahau ile ya kwanza. Mzee akanambia, "Mwanangu, diski mpya nitainunua wapi yenye mama watoto ndani?" Sikuwa na jibu, nikamwomba anipe siku mbili.

Nikafikiri juu ya Linux ya laivu. Kwa wasioijua, Linux ni kazi iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland. Ile ya laivu ni Linux ambayo haiingizwi katika diski ya kompyuta hata kidogo. Unaiweka katika flashi, unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, na mambo yote hufanyika katika kumbukumbu ya muda. Knoppix ya Mjerumani Klaus Knopper, iliyotoka mwaka 2000, ndiyo iliyowazoesha watu wengi desturi hii. Kwa diski iliyo mahututi hakuna njia nzuri kuliko hiyo, maana mfumo hauhitaji kuisoma wala kuiandika mpaka uuamuru. Ni kama mgeni anayekaa barazani bila kufungua makabati ya wenyewe.

(Hapa niseme neno moja lisilo la safari yetu. Linux ijulikanayo kuliko nyingine nyingi inaitwa Ubuntu, nayo ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Huko Ulaya wanafunzi huambiwa maana ya jina hilo kwa maelezo marefu. Sisi hapa hatuna haja ya kuelezwa. Kwa Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu ulichopewa bure umekipata k'ubuntu. Sijui lugha nyingine ambayo jina hilo lingekaa vizuri zaidi juu ya programu isiyouzwa.)

Sasa taabu ilikuwa matundu. Kompyuta ya Mzee ni ya zamani, ya mnara, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 na matundu mawili tu ya USB. Moja lilichukuliwa na flashi ya Linux, na la pili lilitakiwa kwa flashi ya kuhamishia picha. Kibodi ilikuwa na tundu lake la mviringo, la rangi ya zambarau. Jirani yake lilikuwapo tundu la kijani la kipanya, lakini lilikuwa limekufa zamani, na nilipolimulika kwa tochi niliona vishimo viwili vimezibwa na kutu. Kipanya cha USB basi kikakosa pa kukaa. Nilijaribu kigawanyo, yaani kile kidude cha kulifanya tundu moja kuwa manne, na kompyuta ikaacha kabisa kuziona flashi. Iko njia ya kuipakia Linux yote katika kumbukumbu ili flashi yake itolewe, lakini megabaiti 512 hazikutosha kwa Linux niliyokuwa nayo.

Mtu atauliza, kwa nini usitumie kibodi peke yake, ukanakili picha kwa amri? Ningeweza, kama flashi yangu ingekuwa kubwa. Diski ilikuwa ya gigabaiti 40, flashi gigabaiti 4, na picha zenyewe zilikuwa na majina ya kamera, herufi na tarakimu tupu. Jina la namna hiyo halikwambii kama ni arusi au ni picha ya mbuzi. Ilibidi mwenyewe aketi, azione, achague. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, ambaye vidole vyake vimezoea kupima kitenge, huwezi kumtaka asukume mshale kwa vitufe vya namba. Kipanya anakijua.

Nyuma ya mnara, chini ya matundu mengine, kulikuwa na tundu pana lenye pini tisa na skurubu mbili, limejaa vumbi. Hilo ni tundu la mfululizo, la zamani kuliko yote. Nikaenda kwa mafundi. Wanaoijua Buyenzi wanajua kwamba huko kitu hakitupwi. Gari lililokufa hugawanywa likaponya magari matatu. Katika kibanda cha fundi wa redio nikakuta boksi la nyaya, na chini kabisa kipanya cha rangi ya maziwa yaliyoharibika, chenye vitufe viwili na kichwa cha matundu tisa. Nikauliza bei. Akacheka, akasema, "Chukua tu. Ukikifufua uje unionyeshe."

Vipanya vya leo huona kwa mwanga. Hiki kilikuwa na mpira mzito tumboni. Ukikisukuma, mpira unazungusha vijiti viwili, kimoja kwa mwendo wa kulia na kushoto, kingine kwa mbele na nyuma. Hata kipanya cha kwanza kabisa cha Douglas Engelbart, kilichotengenezwa kwa mbao huko Marekani mwaka 1964, kilikuwa na magurudumu mawili yaliyofanya kazi hiyohiyo. Niliutoa mpira nikauosha kwa sabuni, na vijiti nikavikwangua kwa ukucha na pamba yenye spiriti. Uchafu uliotoka sitausimulia.

Nikakifunga nyuma ya mnara, nikawasha Linux, nikakisukuma. Mshale haukutikisika.

Wengi wangekata tamaa hapo, wakasema kimekufa. Lakini kipanya cha USB, na hata kile cha tundu la kijani, kikichomekwa huulizwa na kompyuta "wewe nani?" nacho hujibu. Tundu la mfululizo halina desturi hiyo. Zamani liliweza kufungwa modemu, mizani ya dukani, mashine ya kuchapa au kitu kingine chochote, na Linux haikisii. Inangoja mtu aseme kwamba aliye mlangoni ni kipanya, tena kipanya cha kabila gani, kwa kuwa viko vinavyosema lugha ya Microsoft na vingine lugha ya Mouse Systems. Programu ya kusema neno hilo inaitwa inputattach. Haikuwamo katika flashi yangu, nikaenda kuichukua kwa kompyuta nyingine yenye intaneti, nikichagua ile ya mashine za biti 32, nikaileta katika flashi ya picha.

Kwanza nilitaka kujua kama kinyama kina uhai. Nikafungua dirisha la amri. Hapo pakawa na kichekesho, maana kibodi ilikuwa ya Kifaransa na Linux ilidhani ni ya Kiingereza. Ukitaka a unapiga q. Ukitaka m unapiga mkato. Ukitaka mstari wa mshazari unapiga alama ya mshangao. Mzee alinitazama nikitafuta herufi kama kuku anayedonoa, akauliza kama kweli nasoma sekondari. Amri ya kuiponya ni setxkbmap fr, nayo yenyewe ina m na a ndani yake. Nilipokwisha kuipata, niliandika hivi:

sudo stty -F /dev/ttyS0 1200 cs7 raw
sudo cat /dev/ttyS0

Maana yake ni kuliambia tundu la kwanza lisikilize kwa mwendo wa biti 1200 kwa sekunde, herufi za biti saba, kisha lionyeshe lolote linaloingia. Nikasukuma kipanya. Yakamwagika katika kioo maherufi ya ovyo yasiyosomeka. Niliyafurahia kuliko alama nzuri katika mtihani, kwa kuwa kila msukumo ulileta mengine, na nilipotulia nayo yakatulia. Kipanya kilikuwa kinasema. Nikaisimamisha amri ile, nikaiingiza programu, nikaandika:

sudo inputattach --daemon --microsoft /dev/ttyS0

Mshale ukaruka. Si mwepesi kama wa leo, maana kipanya hiki hutuma habari zake mara arobaini na kidogo tu kwa sekunde, hali kile cha USB kwa kawaida hutuma 125. Lakini ulikwenda ulikopelekwa. Mzee akakishika, akakizungusha mezani, akasema, "Hiki kizito. Vile vyepesi vilikuwa vinanikimbia."

Diski niliifungua kwa kusoma tu, isiandikwe hata herufi moja:

sudo mount -o ro /dev/sda1 /mnt

Tukaanza. Picha zilitokea polepole, moja moja, na pale diski ilipogonga sote tulinyamaza. Alikuwa amechagua arobaini na moja umeme ulipokatika mtaa mzima.

Ubaya wa laivu ndio huo. Yaliyo katika kumbukumbu ya muda hufa na umeme, na kompyuta ikiwaka tena haikumbuki programu, wala kibodi, wala kipanya. Zile arobaini na moja zilikuwa salama, kwa kuwa baada ya kila kumi nilikuwa nikiandika neno sync, ambalo huilazimisha kompyuta kumaliza kuandika katika flashi badala ya kuahirisha. Lakini diski ya namna ile ikishazimika huenda isiamke. Tulikaa gizani saa moja na nusu. Mzee hakusema habari za picha. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakipanga vitenge, vya rangi ya moto juu, vya buluu chini, na kwamba aliyeanza mpango huo ni mkewe.

Umeme uliporudi diski haikuonekana mara ya kwanza. Nikazima, nikangoja ipoe, nikawasha. Mara ya pili ikaonekana. Safari hii amri zote zilikuwa katika daftari langu, na kipanya kilikuwa tayari kabla maji ya chai hayajachemka. Nikamshauri Mzee aanze na folda aitakayo kuliko zote. Hakuwa na haja ya kushauriwa, mkono ulikuwa umekwisha kuelekea huko. Mle mlikuwa na duka lenyewe, mwaka 2009, vitenge vimepangwa kama alivyoeleza gizani, na mama amesimama mlangoni na mita shingoni, anamcheka mpiga picha. Mzee hakuinakili upesi. Mimi nilikuwa nasikiliza diski, nikataka kumharakisha, nikanyamaza.

Alipata picha mia tatu na kumi na mbili. Katikati ya folda nyingine diski iliacha kugonga, ikaacha na kuzunguka, na tangu siku ile hakuna tundu wala amri iliyoiamsha. Picha za arusi ya binti yake mdogo zilikuwa hukohuko ambako hatukufika. Mzee asema binti huyo anazo za kwake, huko Uvira, na atazituma.

Nilikwenda kumwonyesha fundi wa redio kama alivyoagiza, akakataa kukirudisha bokisini. Sasa kipanya kiko katika kabati ya chama cha kompyuta, rafu ya chini, na amri zote zimeandikwa katika karatasi iliyofungwa kwenye mkia wake. Anayekihitaji amwombe katibu ufunguo. Asisahau kufunga zile skurubu mbili, maana kichwa chake kimelegea.