Siasa Tuliziwata Likoni

Asiyeujua Mji wa Kale asidhani kwamba sisi hukaa barazani kunywa kahawa tu. Kahawa chungu ni kisingizio. Kinachonywewa hasa ni siasa. Kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu kila baraza ina wabunge wake, na wengine wana miaka thelathini hawajawahi kukubali kushindwa hata hoja moja!

Lakini mwaka wa 2024 siasa hazikukaa barazani, zilipanda ngazi zikaingia ndani. Mswada wa Fedha wa mwaka ule hapo awali ulitaka mkate utozwe ushuru wa asilimia 16, na mafuta ya kupikia asilimia 25. Vijana wakatoka barabarani nchi nzima. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni kule Nairobi, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kaka yangu, ambaye yuko chuoni, aliandamana hapa Mombasa. Baba alikuwa amemkataza. Hawakutukanana wala kuinuliana mkono, walinyamaziana. Na kunyamaziana katika nyumba ya vyumba viwili si mchezo! Mimi ndiye niliyekuwa tarishi. "Mwambie kaka yako afunge mlango." "Mwambie baba nishaufunga."

Julai Rais akawafuta karibu mawaziri wote. Tarehe 8 Agosti Hassan Joho, mtu wa upinzani na aliyekuwa gavana wetu kutoka 2013 hadi 2022, akaapishwa kuwa waziri. Baba akafurahi, akasema sisi watu wa pwani tumepata mtu mezani. Kaka akauambia ukuta kwamba watoto wa watu wamekufa, kisha wakubwa wamegawana viti. Mama aliweka upawa chini. "Likizo hii nendeni kwa nyanya yenu mkapumzishe vichwa, nami nipumzishe masikio."

Nyanya yangu yuko Gazi, Kaunti ya Kwale, kama kilomita 50 kusini ya Mombasa. Tulirauka, tukavuka feri ya Likoni, tukapanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga na kushuka njia panda. Tulipompa shikamoo hakutuuliza habari za mjini. "Marahaba wajukuu zangu. Hapa siasa hazingii. Mwenye zake ameziwata feri?"

"Tumeziwata, nyanya."

Waama, raha niliiona. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana muhogo wa nazi, jioni kaimati. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, kwa hivyo wavuvi wengi hawakwenda mbali, na mjomba alipata wasaa wa kututembeza kwenye mikoko. Kuna daraja la mbao ndani ya mikoko, linaendeshwa na kinamama wa pale pale. Alitufundisha kuutenga mkoko wenyewe, ambao mizizi yake imejipinda kama miguu ya buibui, na mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama kalamu zilizopangwa. Miaka ya 1970 miti mingi ya hapo ilikatwa ikawa kuni za viwandani. Ikaanza kupandwa upya 1991. Siku hizi pana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Hekta 117 zinatunzwa, na kwa kuwa miti hiyo huihifadhi kaboni, wageni wa ng'ambo hulipia utunzaji huo, na pesa husaidia maji na shule. Kaka, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hacheki, aliuliza maswali mpaka mjomba akachoka.

Kisha tukapita nyumba kuukuu ya mawe ya Mbaruk bin Rashid. Hapo ndipo nilipojua kwamba hatukuwa wa kwanza kuzikimbia siasa za Mombasa tukaja Gazi. Mwaka 1837 Seyyid Said alipowashinda Mazrui na kuitwaa Mombasa, waliosalia walihama, wengine wakaenda Takaungu na wengine wakaja hapa. Walipumzika? Wapi! Mwaka 1895 Mazrui wa Takaungu waligombania nani atawale, Waingereza wakaingilia, na vita vikafika mpaka kwa huyu Mbaruk. Mwaka 1896 ilimbidi avuke mpaka aingie upande wa Wajerumani. "Nyanya hajaisikia hadithi hii?" akauliza kaka. Mjomba akasema anaijua kuliko yeye.

Jumatano palikuwa na mkutano wa wanakijiji kuhusu bomba la maji, lianzie upande gani. Nyanya alijitanda leso mpya, akaenda. Nasi tukamfuata. Ajabu! Yule mwanamke mpole alisimama mara tatu, akamkata mzee mmoja maneno, akataka hesabu zisomwe mbele ya watu, tena zisomwe polepole. Njiani kaka akacheka kwa sauti.

"Nyanya, na hii si siasa?"

"Hii ni maji," akajibu, akaongeza mwendo.

Mimi naona zilikuwa siasa, ila sikuthubutu kusema. Tofauti niliyoiona ni kwamba pale aliyekasirika alisikilizwa na mtu anayemjua jina, na jioni walisali msikiti mmoja.

Jumamosi baba alikuja kutuchukua, na halua mkononi. Nyanya akamkumbusha sheria yake. Basi wakakaa jamvini baba na mwanawe, hawana la kuzungumza. Siasa zimekatazwa, na tangu Juni hawakuwa na jingine. Baba akaiangalia bahari kwa muda mrefu. Hatimaye akauliza, bila kunituma mimi, "Kamba wanapatikana msimu huu?"

"Wapo, baba, ila wadogo. Na ile mikoko, wajua huuzwaje bila kukatwa?"

Akaanza kumweleza. Halua ikaisha, chai ikapoa, nyanya akajifanya amelala.

Kesho yake, matatu ilipokaribia Likoni, redio ikaanza taarifa ya habari. Nikashika pumzi. Baba akainama mbele, akamwomba dereva aongeze sauti, na kaka akasogea katikati ya kiti ili naye asikie.