Linafanana na nini? Watembezeni watoto majengo ya Arusha

Wazazi mlioko Arusha wikiendi hii, wapelekeni watoto barabara ya Dodoma, kwenye kituo cha Cultural Heritage. Jumba lake la sanaa limejengwa kwa mfano wa ngoma, ngao na mkuki.

Wahakiki wa majengo hupenda mifano ya aina hiyo. Paa lililochongoka la kanisa la Kiarmenia hulifananisha na mlima Ararat. Lakini mfano humwingia anayekijua kitu chenyewe. Mtoto asiyewahi kuona ngao ataona ukuta tu.

Kwa hiyo msiwahi kumpa jibu. Mwulizeni: "Linafanana na nini?" Akisema chungu, mwacheni aeleze kwa nini. Kisha mwambieni ngao ya Kimaasai ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, na ilimkinga nani.

Mkirudi mjini, piteni AICC, jengo lililokuwa na mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Sehemu zake tatu zinaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mlima Meru, unaoonekana kutoka hapohapo mawingu yakiondoka, haumo. Mwulizeni mtoto: jengo la Meru lingekuwaje?