Mwanasesere Asiye na Uso

Muhula uliopita, katika somo la kazi za mikono, kila mmoja wetu alitakiwa kutengeneza kitu cha utamaduni wa nchi nyingine. Nilichagua mwanasesere wa karatasi wa Kijapani aitwaye anesama, yaani dada mkubwa. Wenzangu wa chumbani walicheka mpaka machozi. "Mwanamume mzima anacheza na wanasesere!"

Zamani wasichana wa Japani walimtengeneza anesama nyumbani kwa vipande vya karatasi. Nywele zake ni za karatasi iliyotiwa mikunyanzi, na kimono yake ni ya karatasi yenye maua. Uso hauchorwi. Anayemtazama ndiye anayempa uso moyoni mwake.

Nilidhani ni kazi ya saa moja. Nilinunua karatasi ya kufungia zawadi hapa Kampala, nikakata, nikakunja. Ikapasuka shingoni. Wa pili naye akapasuka. Wa tatu alikamilika, nikampeleka kwa fahari kwa mwalimu Mjapani anayejitolea chuoni kwetu. Alimtazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Umemvisha kama maiti." Kumbe upande wa kushoto wa kimono hulala juu ya ule wa kulia, kinyume chake ni vazi la marehemu.

Kisha akanipa karatasi yenyewe, washi. Ilikuwa nyepesi, lakini nilipoivuta haikukatika. Alieleza kwamba hutokana na gome la mti uitwao kozo. Matawi hupikwa kwa mvuke, gome huambuliwa, huchemshwa, hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka nyuzi zilainike, ndipo huchanganywa na maji na kuchotwa kwa chekeche.

Nilinyamaza. Kuambua gome na kuliponda ni mambo niliyoyaona tangu utotoni. Babu yangu, kule Masaka, hutengeneza lubugo, kitambaa cha gome la mutuba. Kozo na mutuba ni miti ya familia moja. UNESCO iliutambua ufundi wa lubugo mwaka 2005, na ule wa washi mwaka 2014. Mara nyingi babu aliniita nijifunze, nikakataa, kwa sababu shuleni waliniita mtoto wa sanda: kwetu Buganda maiti huzikwa kwa lubugo. Methali "mwacha asili ni mtumwa" nimeiandika katika mitihani mingi bila kufikiri kwamba inanihusu.

Wakati wa likizo nilimpelekea babu mwanasesere wa nne, wa washi. Alimpokea kwa mikono miwili, akapapasa mikunjo ya kimono.

"Mjukuu wangu, umekwenda mpaka Japani kutafuta gome, na mutuba uko nyuma ya nyumba?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi bega lake la kulia linamuuma, hawezi tena kuponda kutwa nzima, na wanawe wote wako mjini. Nikachukua nyundo. Mchana ule nilitoboa kitambaa mara mbili. Hakunigombeza, alichukua sindano akayashona matundu yale kimya, kisha akanirudishia nyundo.

Mwanasesere sasa amesimama juu ya kabati lake. Bado hana uso. Babu huwaambia wageni kwamba huyo ni marehemu bibi.