Sala ya Walio Shimoni

Tulitoka Shinyanga, tukapita Tinde na Isaka mpaka Kahama, kisha tukaishika njia ya Geita. Njiani mna mashamba ya pamba na majabali makubwa. Na karibu na machimbo ya dhahabu twaona vilima vya kifusi, na kando yake mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara.

Huko Nyangalata, katika Oktoba 2015, ardhi iliporomoka ikawafungia watu sita chini. Walikaa gizani siku 41, wakila mizizi na wadudu, wakinywa maji yaliyodondoka mwambani. Watano walitolewa wakiwa hai. Mmoja alifia humo. Na huko Nyarugusu, katika Januari 2017, watu 15 walifukiwa, wakatolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu.

Je, tuseme kwamba nyumba moja iliomba vema na nyingine vibaya? Hasha! Yona aliomba tumboni mwa samaki, akatoka. Bwana wetu aliomba Gethsemane, na kikombe hakikuondolewa, bali alitiwa nguvu. Basi sala si bei ya kununulia tulitakalo. Ni kumshika Baba mkono penye giza.

Kwa hiyo mama ambaye mwanawe yumo duarani, na aombe asichoke. Nasi majirani tuombe pamoja naye, kisha tutwae majembe tukafukue. Na nyumba iliyofiwa isikose chungu cha uji, wala mtu wa kuketi nayo.