Mwalimu, Kleruu na Mahindi ya Isimani

Mpwa wangu anasoma Chuo cha Ualimu Kleruu, pale Iringa mjini. Nilipomuuliza kama anajua jina la chuo limetoka wapi, akanijibu, "Anko, si mlima huo? Au mto?" Nilicheka, kisha nikaudhika, ingawa si kwa sababu yake. Binti huyu ana nukuu za Mwalimu Nyerere kibao kwenye simu, zile zinazosambazwa kila Oktoba 14, na nyingi nina shaka kama Mwalimu alizitamka.

Dk. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa wetu. Alipigwa risasi siku ya Krismasi, 1971, na Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani, shambani kwa Mwamwindi mwenyewe. Mwamwindi akampakia marehemu kwenye gari la mkuu wa mkoa, akaliendesha hadi polisi, akajisalimisha. Baadaye alinyongwa. Kwetu wakubwa walilizungumza jambo hilo jikoni tu, na sisi watoto tulipoingia wakageukia habari za mvua.

Ili kuelewa, lazima uijue Isimani ya wakati ule. Ukitoka Iringa kwa barabara ya Dodoma, watu walikuwa wamefyeka pori, wamenunua matrekta, wanalima mahindi ya kuuza. Mwalimu aliona kinachokuja: wachache wenye matrekta, na wengi vibarua wao. Hakukosea. Jibu lake lilikuwa vijiji vya ujamaa, na Kleruu ndiye aliyevisukuma Isimani. Tena aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili safi, kwamba ujamaa hauji kwa kulazimishana. Ilipofika Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Mama yangu mkubwa alihamishwa na mahindi yangali shambani. Huyo huyo mama mkubwa, aliyekuwa akiweka dole gumba kwenye kila karatasi, alifundishwa kusoma kwenye kisomo cha watu wazima cha Mwalimu huyo huyo. Barua yake ya kwanza aliituma kwetu Mbeya. Alilalamika kwamba amehamishwa.

Mbeya tulihamia reli ya Wachina ilipokuwa inajengwa. Sikumbuki kama ilikuwa 1973 au 1974, na haidhuru. Ninachokumbuka ni duka moja pale Sokomatola. Lilinuka mafuta ya taa, dagaa na sabuni ya mche, na chini yake harufu ya unga uliokaa sana ghalani. Ulikuwa unga wa njano uliotoka Marekani baada ya ukame, tuliouita Yanga kwa sababu ya rangi yake. Ugali wake uligoma kushuka kooni. Fikiria: watu wa Mbeya, tunaolima mahindi mpaka milimani, tunapanga foleni ya unga wa Marekani!

Mwenye duka alikuwa mzee mfupi wa Kinyakyusa, kofia ya sufu mwaka mzima. Nyuma ya kaunta alitundika picha ya Mwalimu, kama maduka yote, ila yake aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hajafungua. Sukari ikikosekana aliigeukia: "Unaona, Mwalimu? Watoto wanakunywa uji mkavu." Aliisemesha kama mtu anavyomsemesha kaka yake mkubwa, kwa sauti ya chini, maana huwezi kujua nani yuko kwenye foleni. Hakukuuzia kitu cha mgawo bila karatasi ya mjumbe wa nyumba kumi. Lakini ukiwa na mgonjwa nyumbani, alikuwa na sabuni ya Malawi chini ya magunia, iliyopita mpaka wa Kasumulu usiku. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipokuja, aliichimbia bustanini. Mvua ikanyesha, bustani ikatoa povu. Majirani wote waliliona povu lile na hakuna aliyesema.

Nilimuuliza siku moja kwa nini haiondoi ile picha. Akanijibu kwa bei ya mahindi. Serikali iliweka bei moja nchi nzima, hivyo mkulima wa Mbozi alilipwa sawa na aliyekuwa karibu na Dar es Salaam. Umbali wetu haukuwa kosa letu tena. Mbolea ya kiwanda cha Tanga ilifika kwa bei ya ruzuku, na Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa zikalisha nchi. Malipo yalichelewa, ndiyo, na hesabu za serikali hazikukubali. Tena vyama vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga wenyewe, Mwalimu alivifuta 1976. Mwaka 1984, akijiandaa kung'atuka, alikiri kwamba kuvifuta, pamoja na kuzifuta serikali za mitaa, ni mambo mawili ambayo asingeyarudia. Niliposimulia hayo dukani, mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Vizuri amesema. Maghala yetu je?"

Mengine mnayajua. Mzee Mwinyi akapokea urais, ruksa yake ikaja, rafu zikajaa. Bei moja ikafa, ruzuku ikafa. Siku Mwalimu alipofariki, 1999, mzee wa Sokomatola alifunga duka siku tatu, yeye ambaye hakufunga hata Krismasi.

Leo picha ya Mwalimu iko kwenye noti ya elfu moja, na wanasiasa wanamtaja kwa machozi, huku hakuna anayetaka kuulizwa habari za bei. Mkulima wa viazi yuko huru. Anaweza kumuuzia amtakaye. Anayefika shambani ni dalali na gunia la lumbesa, limefumwa kofia juu, linalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo ipo, inasema gunia lisizidi kilo 100. Nendeni Uyole, Mbeya, asubuhi mkaangalie malori yanavyopakiwa.