Kutoka Dole Gumba hadi Saini

Nilizaliwa kijijini, kando ya barabara ya Songea kwenda Peramiho, katika nyumba ya wakulima wa tumbaku. Baba aliuza tumbaku yake kwenye ushirika, akapewa stakabadhi, akaikunja na kuitia mkebeni. Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia kama kilo zilizoandikwa ndizo zilizopimwa. Shule ilikuwepo, lakini karo ilitosha mtoto mmoja tu, kaka yangu.

Nilifungwa mwaka 1974, nikiwa tayari na mke. Mahakamani yalisomwa maelezo yenye alama ya dole gumba langu. Mengi sikuyatambua, lakini dole lilikuwa langu, na hoja ikaishia hapo.

Gerezani, kilichoniuma kuliko jembe na kuliko njaa ni barua. Ikija, mfungwa mwenzangu ananisomea. Nikitaka kujibu, namtajia maneno naye anaandika. Yapo mambo ambayo mume hawezi kumwambia mkewe kwa kinywa cha mtu mwingine. Yote hayo niliyameza, hadi nikaazimia kujifunza.

Nilianza na yaliyokuwa mbele ya macho: namba kwenye sare, maandishi ya magunia ya unga. Mzee mmoja aliyewahi kufundisha kisomo cha watu wazima alinitamkia a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Kifungo chake kikaisha, akaondoka. Silabi zilizobaki nilizisaka mwenyewe. Kiswahili kina fadhila kubwa kwa anayejifunza peke yake: aliyeshika ma, ta na ka anaweza kuunda mama, taka, kata na kaka bila kumuuliza mtu. Shambani, tukipewa mapumziko, nilichora udongoni kwa kijiti. Nikaokota kurasa za Mwenge, gazeti la Peramiho, zilizokwisha kufungia sabuni, nikazisoma mpaka karatasi ikachakaa. Mwanzoni, nikifika mwisho wa neno nilikuwa nimekwisha kusahau mwanzo wake. Taratibu silabi zikashikana.

Huko nje nchi nzima ilikuwa darasani. Chama tawala cha TANU kilikuwa kimeagiza mwaka 1971 kwamba kutojua kusoma kufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha asilimia 67. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975 walihesabiwa asilimia 39. Mke wangu naye alikuwa akienda kisomo kila jioni, nami sikujua. Barua yangu ya kwanza, mistari michache ya herufi kubwa, aliisoma mwenyewe, akanijibu kwa mkono wake. Askari waliikagua kama kawaida, lakini mkalimani kati yetu hakuwepo tena.

Nilipotoka nilikuwa mtu wa kusoma kwanza, kisha kutia saini: stakabadhi ya tumbaku, hati ya shamba, kadi ya kliniki ya mtoto. Baba alipoleta mkebe wake, nilimsomea karatasi moja baada ya nyingine.

Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu wasiojua kusoma kuwa takribani asilimia 10. Baadaye madarasa ya kisomo yakalegea, na idadi yao ikapanda tena. Ndugu msomaji, ukimjua mtu mzima anayeweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, usimsomee tu. Keti naye umfundishe, awe jirani, mama mkwe au mfungwa.