Kiondo Kilichogeuka Mtungi

Mpenzi msomaji, naomba usicheke. Nataka kukusimulia habari za kiondo kimoja ambacho nilikifumua mizunguko 22 kwa mikono yangu mwenyewe, machozi yakinilengalenga, usiku wa kuamkia siku ambayo mnunuzi alikuwa anakuja soko la Nunguni.

Sisi tunaokuja shuleni kwa miguu tunajua mwezi wa saba ulivyo huku Kilungu. Ukungu hushuka mpaka unamsikia mwenzako akikohoa mbele yako lakini humwoni. Baridi hiyo huingia mpaka vidoleni, na vidole ndivyo vinavyosuka. Muhula huo mama alikuwa amenilipia karo yote isipokuwa shilingi 900. Nyanya yangu, ambaye tunakaa naye, akaniita jikoni.

"Yule mama wa vyondo atakuja Jumamosi," akasema. "Hiki nimeshamaliza kitako, lakini macho yangu hayatofautishi rangi vizuri. Panda nacho ubavu, ukimaliza pesa ni zako."

Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa njiani. Ilikuwa Jumatatu, na nilijiona fundi kwa sababu nimesuka tangu darasa la tano.

Kwa wale wasiojua (na mko wengi, hata kama mama zenu wanasuka kila siku mbele yenu), kiondo cha mkonge si kazi ya siku moja. Jani hukatwa, huparurwa mpaka zibaki nyuzi nyeupe, zinaoshwa na kuanikwa. Halafu unazisokota pajani, mbilimbili, mpaka paja linawaka moto. Baadaye ndiyo rangi. Nyuzi nyingine husimama kama mbavu, na nyingine mbili huzunguka zikipishana, moja mbele na moja nyuma, kuanzia katikati ya kitako. Kitako kikipanuka unaongeza mbavu mpya. Ukifika ubavuni huongezi tena, unapanda tu. Zamani, kabla ya mkonge kuenea, wazee wetu walitumia magome ya mbuyu na ya vichaka vya porini. Mkonge wenyewe ni mgeni, uliletwa Tanganyika mwaka 1893. Siku hizi wengi wanasukia nailoni na sufi ya dukani, lakini nyanya hataki kusikia hayo.

Basi nikaanza. Jumatatu na Jumanne mambo yalikwenda vizuri. Jumatano nilisuka mpaka saa sita usiku kwa taa ya sola. Alhamisi mdogo wangu akaja kuitaka taa ile afanye kazi yake ya shule. Nikamwambia asubiri. Akasubiri, akasinzia, akaamka akaanza kulia, mama akanifokea kutoka chumbani, nami nikajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Taa ilichukuliwa. Nikaendelea kusuka karibu na moto, nikivuta uzi kwa hasira mpaka ukanikata kidole cha shahada. Nilikuwa nikihesabu: bado mizunguko 30, bado 29, bado 28.

Ijumaa jioni nyanya alirudi kutoka mkutano wa akina mama. Akakichukua kiondo, hakukitazama. Alipitisha vidole vyake ubavuni polepole, toka chini kwenda juu, kama mtu anayesoma.

"Hapa ulikuwa sawa," akasema. Vidole vikapanda. "Hapa ulikuwa umechoka." Vikapanda tena kidogo, vikasimama. "Na hapa uligombana na mtu."

Nilishtuka. Nani alimwambia? Kumbe hakuambiwa na mtu. Mkono wa mwenye hasira huvuta, na mkono uliochoka pia huvuta, maana hausikii tena uzi. Mzunguko mmoja hauonekani. Ishirini inaonekana. Aliposimamisha kiondo sakafuni, mimi mwenyewe nikaona: chini kilikuwa kipana na juu kimebana shingo kama mtungi wa maji.

"Sasa nifanye nini, susu?"

"Fumua mpaka hapa."

"Lakini kesho ndiyo Jumamosi!"

"Jumamosi si itakuja nyingine?"

Nakiri kwamba nilifikiria kukipeleka hivyo hivyo. Labda mnunuzi angekuwa na haraka. Lakini wanunuzi wa vyondo nao wana macho. Nyanya husimulia kwamba mwaka 1985, wanawake wa dunia nzima walipokutana Nairobi, vyondo vilinunuliwa kabla rangi haijakauka vizuri. Baadaye viwanda vya Asia vikatoa vya kuiga kwa mashine, bei ikaanguka. Mashine haigombanii taa na mdogo wake. Sisi tunanunuliwa kwa mkono wetu, na mkono wangu ulikuwa umeharibika. Nikafumua.

Jumatatu niliambiwa nirudi nyumbani nikalete ile 900. Nilikaa siku mbili, nikakosa jaribio la kemia, mpaka mama akakopa kwenye chama chao. Sitasema zaidi juu ya hilo, wengi wenu mnaijua njia hiyo.

Katika siku hizo mbili ndipo nilipomwangalia nyanya akisuka, jambo ambalo nilidhani nimelifanya maisha yangu yote. Nikagundua kwamba hangoji kuchoka. Huacha mapema, akiwa bado na nguvu, akaenda kumwangalia mbuzi au kupepeta maharagwe. Tena haachi popote tu. Kitakoni, akiwa katikati ya kuongeza mbavu, haachi hata akiitwa, maana zitalegea. Panapobadilika rangi pia haachi. Huvuka pale pagumu, akashona mzunguko mmoja wa rangi tupu, ndipo anapokitundika, ili akirudi mkono ujue unakoenda. Akiwa njiani hasuki maua, anasokota uzi tu.

"Unajuaje kwamba sasa niache?" nikamwuliza.

Alifikiri. "Nikianza kuhesabu iliyobaki, naweka chini."

Nilizishika hizo habari vizuri mno. Nilikitundika kiondo msumarini wiki tatu, kila nikiulizwa najibu kwamba napumzisha mkono. Niliporudi, uzi mwekundu ulikuwa umeisha. Nikatia rangi mwingine, ukatoka kama tofali. Nyanya alicheka mpaka akashika ubavu. Aliniambia huko si kupumzika, nimekitoroka kiondo cha watu.

Mnunuzi aliona zile rangi mbili mara moja, akatoa shilingi 800 badala ya 900. Deni la chama likalipwa, mama akaongeza mia. Kabla hajakifunga pamoja na vingine nilimwangalia akipitisha mkono ubavuni, pale nilipofumua. Mkono haukusimama.

Nimeanza kingine, changu mwenyewe. Ninapoandika haya kiko msumarini tangu jana jioni. Kitako kimekamilika, na mzunguko unaofuata ni mweusi mtupu.